Nani Kaiba Taka Zetu?

Inspekta alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akitazama mahali ilipokuwa mali iliyoibwa. Palikuwa peupe. Pamefagiwa pakafagilika.

"Hebu rudia," alisema. "Kimeibwa nini?"

"Taka, afande," alijibu Fundi.

"Taka."

"Rundo zima. Jana jioni lilikuwa hapa, limenifika hapa." Fundi alijigusa kifuani, pale futi yake ya kupimia nguo ilipoishia. "Maganda, nepi za watoto, matumbo ya samaki, kila aina ya uozo. Leo naamka, hakuna hata ganda la ndizi."

Inspekta alimgeukia Sajenti wake. Sajenti alikuwa akivitazama viatu vyake kwa makini, midomo ameibana, mabega yanamtikisika.

"Sajenti, ukicheka nakuandikia."

"Sicheki, afande. Ni vumbi."

"Vumbi lipi? Huoni pamefagiwa?"

Inspekta, mwanamke mwenye kazi nyingi, alikuwa ameacha mezani faili la pikipiki zilizoibwa na faili la duka lililovunjwa, na chai yake, ambayo ndiyo iliyomuuma zaidi. Mkuu wa kituo ndiye aliyemtuma. Fundi alikuwa amepiga simu akaapa kwamba polisi wasipokuja, ataleta mtaa mzima hapo kituoni, na masufuria ya kugonga.

Sasa, Fundi huyu hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mshona nguo, mtu wa kazi zake, na mwenyekiti wa kamati ya wakazi waliokuwa wanapinga kituo cha kuhamishia taka. Kampuni ya kuzoa taka ilikuwa imepewa ule uwanja, katikati kabisa ya nyumba za watu, ifanye majaribio. Vigari vidogo vizoe taka mjini, vizimwage hapo, kisha lori kubwa lije lizichukue kuzipeleka dampo. Ndivyo ilivyoandikwa. Vigari vilikuja kila siku, kwa bidii ya ajabu. Lori kubwa ndilo lililokuwa halina haraka.

Na ukuta wa uwanja ule ndio ukuta wa chumba anacholala binti yake Fundi, mtoto mwenye pumu.

"Leo ndiyo siku ya tume, afande," Fundi alisema, na sauti ikaanza kumpanda. "Wanakuja kutoka makao makuu, waone, wanuse, wakate shauri. Tumewasubiri mpaka tumechoka. Na leo hiyohiyo, panang'aa! Watanusa nini? Wataandika hakuna harufu, hakuna rundo, kituo kijengwe. Mwanangu atavuta hewa ya wapi?"

"Kwa hiyo unamshuku nani?"

"Wewe unamshuku nani? Nani anafaidika?"

Inspekta alipumua kwa nguvu. "Mimi ndiye ninayeuliza."

Lango likalia. Aliingia Meneja wa kampuni, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi, anatabasamu kama bwana harusi.

"Nasikia mnatafuta mwizi," alisema. "Afande, pole kwa usumbufu. Hakuna mwizi. Tumeziondoa sisi wenyewe. Ndio utaratibu wa kampuni yetu, taka hazilali."

"Hazilali?" Fundi aliruka. "Zimelala hapa mpaka zikaota ndoto!"

"Fundi, nyamaza," alisema Inspekta. "Meneja, mmeziondoa lini?"

"Alfajiri."

"Kwa gari gani?"

"Lori letu."

"Lori limepita juu ya ardhi iliyofagiwa bila kuacha alama ya tairi? Lina mabawa?"

Meneja hakutetereka. "Tulifagia lilipokwisha kutoka, afande. Ni jambo la kawaida."

"Mlifagia kwa nini?"

"Kwa ufagio. Kwani huko polisi mnafagia kwa kijiko?"

Sajenti akakohoa. Inspekta hakumtazama.

"Dereva wa lori yuko wapi?"

"Ameanza likizo."

"Leo?"

"Leo asubuhi."

"Na maua yale?"

Pembeni mwa uwanja, juu ya turubai lililotandazwa chini, palikuwa na maua yaliyopangwa safu. Mengine kwenye makopo ya rangi, mengine kwenye ndoo zilizopasuka, moja limeota ndani ya sufuria iliyotoboka. Meneja aliyatazama kana kwamba ndiyo kwanza anayaona, kisha tabasamu likarudi mahali pake.

"Kampuni yetu inapenda mazingira," alisema.

Inspekta alihisi kichwa kikianza kumgonga upande mmoja. Mwizi wa kawaida hukana. Huyu anang'ang'ania kosa mikono miwili, na kila anachosema kinaweza kuwa kweli. Na kikiwa kweli, mlalamikaji hana kesi, na tume ikifika itapongeza kampuni.

Akamwita mlinzi wa lango. Alikuwa mtu mzima, kofia ameivua, ameishika kifuani.

"Ulikuwa zamu?"

"Nilikuwa zamu, afande."

"Ulilala?"

"Sikulala."

"Ulimwona mwizi?"

"Mwizi hakuja. Mwizi ningemkamata."

"Lango lilifunguliwa?"

"Lilifunguliwa."

"Alilifungua nani?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Waligonga."

"Nani waligonga?"

Meneja alijikohoza, kikohozi kidogo tu, cha kistaarabu. Mlinzi akaigeuza kofia yake mkononi, akaigeuza tena.

"Afande," alisema taratibu, "mimi nina watoto."



Inspekta aliwaacha wote wakiwa wamesimama, akachuchumaa. Wenzake wa kitengo cha uchunguzi wangekuja na poda na brashi kutafuta alama za vidole. Lakini alama za vidole utazichukua wapi, kwenye upepo? Akaitazama ardhi tu, karibu, pua imekaribia kugusa chini.

Kwanza, ilikuwa imenyunyiziwa maji. Vitone vilikuwa bado vinaonekana pembeni, vidogovidogo, vimetawanyika kama vimerushwa kwa vidole kutoka kwenye beseni. Mtu alitaka vumbi litulie kabla hajafagia. Pili, michirizi ya ufagio ilikuwa mifupi, imepinda kama upinde, mmoja umeegemea mwingine, kazi ya mtu aliyeinama na ufagio wa njiti, mkono mmoja mgongoni. Wafanyakazi wa kampuni walikuwa na mafagio ya mipini mirefu. Aliyaona yameegemea kibandani, makavu, na utando wa buibui juu ya mawili. Tatu, hapakuwa na unyayo hata mmoja, ila wa kwao wenyewe walioingia asubuhi. Aliyefagia alianzia ndani akarudi kinyumenyume mpaka langoni. Na mahali rundo lilipokuwa pamemwagiwa majivu laini ya jikoni, yamechekechwa, ili kuua harufu.

Inspekta alimkumbuka mama yake, aliyekuwa akimrudisha kufagia upya kiwanja kizima akiacha alama ya kisigino. Akasimama, magoti yakalia.

"Sajenti, weka utepe. Asiingie mtu eneo la tukio, hata Meneja. Nakwenda kutembea."

"Kutembea wapi, afande?"

"Kwa majirani. Nina kiu."

Akapita mtaani polepole. Nyumba zilikuwa zimebanana, milango inatazamana. Na kwenye kila mlango, bila kukosa, palikuwa na ufagio wa njiti umeegemezwa ukutani, mbichi kwa maji. Mafagio yote ya mtaa yameoga. Kina mama walikuwa vibarazani, wanasalimia kwa adabu iliyozidi.

"Shikamoo afande!" alisema mmoja, mwanamke aliyemzidi umri.

"Mama, wewe ndiye wa kuamkiwa. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Tumesahau tu. Hatukulala vizu..." Jirani yake akamfinya. "Tumelala vizuri sana."

Inspekta akafumba macho kidogo. Mtaa mzima. Atawaweka wapi? Mahabusu yenyewe ina benchi moja.

Nyumba ya Fundi ilikuwa ya mwisho, imegusana na ukuta wa uwanja. Sebuleni kulikuwa na cherehani, na gauni la watu limeachwa chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa, mwingine bado. Dirisha la chumba cha ndani lilikuwa limezibwa kwa blanketi lililoloweshwa maji. Binti yake Fundi alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye mto, anavuta dawa yake. Alipoishusha, kifua kilifanya mluzi mwembamba.

Bibi yake, mama mzazi wa Fundi, alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Alikuwa mwembamba, mgongo umepinda, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Mikono yake ilikuwa na majivu kwenye mikunjo ya vidole.

"Karibu, mwanangu. Kaa. Unywe chai."

Chai. Inspekta karibu ampende palepale. Akapokea kikombe, akakaa.

"Bibi, umesikia kilichotokea uwanjani?"

"Nimezeeka, masikio hayasikii vizuri."

"Taka zimeibwa."

"Ziende salama."

"Mwanao analia kule. Anasema ushahidi wake umepotea."

Bibi akamimina chai yake kwenye sosa, akapuliza. "Yule tangu mdogo analia. Alikuwa analia hata akiota meno."

"Usiku wa kuamkia leo ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Mgongo huu utaupeleka wapi?"

"Hukusikia watu wanafagia?"

"Labda paka."

"Paka anafagia, Bibi?"

"Siku hizi dunia imebadilika."

Inspekta alikunywa chai yake. Ilikuwa nzuri, na hilo lilizidi kumkera. Amewahoji majambazi wenye makovu usoni wakamwaga yote kabla ya adhuhuri. Ajuza huyu anamwangalia kwa upole, hana hata jasho. Kumtisha? Utamtisha na nini mtu aliyekwisha kuzika wenzake wote? Basi akaweka kikombe chini, akajifanya anainuka.

"Haya, Bibi. Hata hivyo kesi imekwisha. Meneja amekiri."

"Amekiri nini?"

"Kwamba kazi ni yake. Anasema yeye na watu wake ndio waliozoa na kufagia. Tume ikifika atawaonyesha, wamsifu kwa usafi. Kituo kitajengwa."

Sosa ilibaki hewani.

"Nani kafagia?"

"Meneja."

"Yule? Yule wa viatu?" Sauti ya Bibi ilipanda mpaka mjukuu wake akageuka. "Yule hajui hata ufagio unashikwa upande gani! Kafagia yeye! Nimeinama mpaka kiuno kikaniambia kwaheri, leo aseme kafagia yeye?"

"Kumbe."

Bibi akaiweka sosa chini.

"Wewe mtoto," alisema, "umelelewa na mtu mjanja."

"Ziko wapi, Bibi?"

"Nipe mkono niinuke. Siwezi kusimulia mara mbili, nina mgongo. Nitasema wageni wakiwepo."

Waliporudi uwanjani, tume ilikuwa imefika. Walikuwa watu wachache wenye vitambulisho shingoni, wakiongozwa na Mwenyekiti wao, mama mnene mwenye uso usiocheka. Sajenti alikuwa amewazuia nje ya utepe, na Meneja alikuwa akiwahutubia juu ya utepe huohuo.

"Kama mnavyoona," alikuwa akisema, "wakazi wanalalamika harufu. Harufu iko wapi? Nuseni, tafadhali. Huu ndio usafi wa kampuni yetu, siku zote."

Bwana mmoja wa tume, mwenye miwani, alinusa. "Kweli, panapendeza," alisema. "Hata maua."

Fundi alikuwa ameegemea ukuta, futi inamning'inia, uso wa mtu aliyeshindwa kesi. Alipomwona mama yake anaingia ameshikiliwa na polisi, akashtuka. "Mama! Umekamatwa?"

"Nimejileta. Simama wima, watu wanakutazama."

Inspekta akainua utepe, akaingia. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hamjaandika, nina maswali mawili ya uchunguzi. Meneja, umeniambia taka umeziondoa wewe."

"Nimesema, na narudia mbele ya tume."

"Ziko wapi sasa?"

"Dampo kuu."

"Una hakika? Si mahali pengine popote?"

"Afande, mimi najua taka zangu zilipo!"

"Vizuri. Sajenti, umesikia? Liingie kwenye maelezo. Bibi, na wewe unasema ziko wapi?"

Bibi alitembea taratibu mpaka kwenye turubai lenye maua. Jua lilikuwa limeshapanda, na nzi walikuwa wameanza kukusanyika kwenye kingo za turubai lile, weusi, wanagombea nafasi. Akasogeza sufuria yenye ua, kwa uangalifu, asilivunje. Sajenti akamsaidia kuhamisha makopo yaliyobaki. Kisha Bibi akashika pembe ya turubai akalivuta, na mbao zilizokuwa chini yake akazipiga teke.

Lilikuwa shimo. Shimo refu, pana, ambalo kampuni ililichimba kuweka mzani wa kupimia malori. Lilikuwa limejaa mpaka juu.

Harufu ilitoka mle kama mtu aliyefungiwa. Bwana mwenye miwani alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Mwenyekiti wa tume alishika pua, akatoa machozi, lakini hakuondoka, alisogea akachungulia. Meneja alitazama taka zake kama mtu anayekutana na mdai asiyemtarajia.

"Ndiyo dampo kuu hilo?" aliuliza Inspekta.

"Mimi... nitawauliza vijana wangu..."

"Utauliza ukiwa kituoni. Kumdanganya ofisa wa polisi aliye kazini ni kosa, hata ukiwa umepiga viatu rangi."

Mlinzi wa lango akapata ulimi ghafla. "Ni kina mama, afande! Walikuja na mabeseni, Bibi ameongoza. Wakasema fungua, tunafagia. Sasa mtu akisema anafagia, utamwita mwizi?"

Hapo ndipo Fundi alipolipuka.

"Mama! Wewe? Nimekesha miezi kwa ajili ya siku hii! Nimeita polisi! Nimewapigia magoti waje waone lile rundo, halafu wewe unalificha? Kwa nini? Humpendi mjukuu wako?"

Kina mama walikuwa wamejaa langoni, wengine bado na mafagio. Bibi alijifuta mikono kwenye nguo yake, akasimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Nimeficha, ndiyo," alisema. "Nimewagongea hawa mmoja mmoja, wakaniita kichaa, kisha wakaja. Nakiri. Afande andika."

"Naandika, Bibi. Kwa nini?"

"Kwa sababu hawa wa tume si mara yao ya kwanza kuja. Walikuja mwanzo kabisa, kabla hata taka moja haijamwagwa, kutafuta mahali. Mwanangu alikuwa kazini. Nilikuwa barazani kwangu, naosha vyombo, mlangoni pana tope la mvua. Wakapita na karatasi zao. Nikasema karibuni. Hakuna aliyeitika. Mmoja akamwambia mwenzake, wala hakupunguza sauti, kama vile mimi ni jiwe: 'Hapa panafaa. Hawa wameshazoea.'"

Akameza mate.

"Wameshazoea! Mimi nimefagia mlango huu tangu nilipokuja mke. Nimezaa humu, nimezika mume humu, sijawahi kulala na sufuria chafu. Nimezoea nini? Halafu mwanangu anasema, mama, wakija tuwaonyeshe uozo. Nikamsikiliza, nikanyamaza. Lakini usiku nikawaza: wakikuta uozo watasema si tulisema? Wachafu wameletewa uchafu. Hakuna wanachoharibu. Mimi nilitaka waone hapa ni kwa watu. Waone wanataka kumwaga wapi. Mjukuu wangu hataki huruma ya watu walioziba pua. Anataka wajue alikuwa na mtaa kabla ya taka."

Fundi akaivuta futi yake shingoni, akaikunja, akaikunjua.

"Nani alisema hayo?" aliuliza Mwenyekiti wa tume, sauti ya chini.

Bibi hakunyoosha kidole. Haikuhitajika. Bwana mwenye miwani alikuwa amezivua, anazifuta kwa nguvu, na hazikuwa chafu.

Mwenyekiti akalitazama shimo, akamtazama Meneja, akaitazama ile michirizi ya ufagio iliyopinda, iliyokuwa bado haijakanyagwa upande wa pili wa utepe.

"Mkandarasi hajui taka zake zilipo," alisema. "Na pahali paliposafishwa, wamesafisha wanaopinga. Ripoti nitaiandika mimi mwenyewe. Kituo hakijengwi hapa. Na lori lije leo, nikiwa nimesimama hapahapa."

Kina mama walipiga vigelegele mpaka Inspekta akaziba masikio. Sajenti alikuwa ameshamshika Meneja kiwiko, kwa adabu.

"Na mimi je?" Bibi aliuliza. "Pingu ziko wapi?"

Inspekta alifunga daftari lake kwa hasira. Asubuhi yake nzima! "Bibi, niandike nini? Kwamba umehamisha takataka mita chache na kuzipandia maua? Mkuu wangu atanifukuza. Rudi nyumbani ukapumzishe kiuno."

"Sirudi peke yangu. Nina wageni."

Akawageukia watu wa tume, akawaonyesha mlango wake kwa mkono wenye majivu. Mwenyekiti alitangulia. Alivua viatu kizingitini, akasalimia, akaingia, na wenzake wakamfuata mmojammoja. Bwana mwenye miwani akabaki nje, kiatu kimoja mkononi, hajui akiweke wapi wala amtazame nani.

Bibi akamgeukia.

"Na wewe ingia," alisema. "Ndani kumefagiwa."